Fundi Kijivu: picha za maua na stuli ya dada

Saa mbili asubuhi. Mlango wa studio umefunguliwa nusu, ufagio bado umeegemea ukutani, na kwenye skrini ya kompyuta kuna ua moja limejaa kutoka pembe hadi pembe. Mbele yake ameketi mwanamume wa makamo, miwani imeshuka hadi ncha ya pua. Nyuma yake, juu ya stuli ndefu ya mbao, ameketi dada yake na kikombe cha chai.

"Hapa?" anauliza mwanamume, kidole kikigusa skrini.

"Kijani."

"Na hapa?"

"Kijani pia, ila kimechoka kidogo."

"Hapa je?"

"Nyekundu, mdogo wangu. Tena nyekundu ya ugomvi."

Mwanamume anaguna, anasogeza kipanya, anapunguza ugomvi huo kidogo, kisha anasubiri. Dada anamaliza funda la chai bila haraka. "Hapo sasa," anasema. "Imekuwa nyekundu ya watu wazima." Picha inahifadhiwa, ua jingine linafunguliwa.

Mtaani wanamwita Fundi Kijivu. Jina alipewa na fundi viatu wa mlango wa pili, kwa sababu ya zile picha za maua zisizo na rangi alizozitundika dirishani, na wengi hadi leo wanadhani hadithi imeishia hapo. Kumbe kuna nyingine. Fundi Kijivu haoni rangi kama wewe na mimi. Nyekundu na kijani kwake zinafanana kama mapacha waliovalishwa sare, na pinki iliyopauka anaiona nyeupe tu.

Ndiyo, umesoma vizuri. Fundi wa picha za maua, na baadhi ya rangi za maua hazioni. Na bado wauza maua, wenye vitalu vya miche na wapambaji wa kumbi wanapishana mlangoni pake, na kazi hiyo ndiyo inayolipa pango la chumba hiki na ada ya binti yake wa mwisho.

Leo, hata hivyo, chai ya dada ina uzito wake. Ni siku yake ya mwisho kwenye stuli ile. Mumewe amestaafu, binti yao amejifungua katika mji mwingine, na asubuhi hii hii wanahama kabisa. Mabegi yameshafungwa, yamepangwa nyuma ya mlango wa studio kana kwamba nayo yanasubiri kupigwa picha.

"Nimeshamwambia," anasema dada, akimwonyesha mdogo wake kwa kidevu. "Nikiondoka, afanye nyeusi na nyeupe tu. Kila ua kijivu, basi. Huko hakuna wa kumuumbua. Mkaidi huyu, hanijibu."

 Fundi Kijivu anafuta miwani kwa pindo la shati.

Tabia yake ya kazi ni hii: picha yoyote ya ua inayoingia kwenye kompyuta, kwanza anaivua rangi. Hata mteja awe ameshaagiza rangi, lazima ivuliwe kwanza, aitazame hivyo hivyo kwa muda, ndipo aamue. Wateja wapya huwa wanashtuka wakidhani kaiharibu.

"Ua likivuliwa rangi likabaki ua, liache hivyo," anaeleza. "Likivuliwa rangi likageuka kabichi, mrudishie mwenyewe nguo zake."

Anafungua yungiyungi jeupe lenye umande. Likiwa na rangi ni zuri, hakuna ubishi, lakini jicho linakimbilia manjano ya katikati na kuyasahau mengine yote. Anabonyeza, rangi zinaondoka. Ghafla unaona petali zilivyojikunja, kivuli kilivyolala ndani ya ua, na tone moja la maji ambalo hukuliona mwanzo. Anakuangalia usoni kuona kama umeliona, na ukiliona anafurahi kama mtoto.

Kisha anafungua alizeti. Anabonyeza. "Tazama. Sinia." Anairudishia manjano yake haraka, kama mtu anayemfunika mwenzake shuka.

Mtego wenyewe, anasema, ni waridi jekundu lenye majani mengi. Ukiliondolea rangi, ua na majani yanakuwa kijivu kilekile, na picha nzima inakuwa kama uji. Hilo linawapata mafundi wote, hata wenye macho mazima. Tofauti ni kwamba wao wanashangaa. "Mimi sishangai," anasema huku akicheka. "Mimi uji huo nauona kila siku bustanini."

Utotoni hakuna aliyejua. Akitumwa nyanya zilizoiva, alirudi na mbichi. Akitumwa tena, alirudi na mchanganyiko, na mama yao akaamini kwamba huyu mtoto ana dharau. Alichapwa kwa ajili ya nyanya mara nyingi kiasi kwamba mpaka leo hazipendi. Dada yake, aliyemzidi miaka michache, ndiye aliyegundua. Alimwona akiziminya nyanya moja moja kwa dole gumba, amefumba macho, akitafuta zilizo laini.

"Nikajiambia, huyu hana dharau hata kidogo. Huyu anatafuta," anasema dada. "Tangu siku hiyo tukawa tunaenda sokoni wote wawili. Mama alidhani tumependana ghafla."

Alipokua aliajiriwa kwenye kiwanda kimoja cha uchapaji. Picha alizijua, mashine alizijua, mkono wake ulikuwa mwepesi. Siku moja alisimamia lebo za chupa za juisi, na matunda yote yakatoka na kijani cha ukungu. Msimamizi akamuuliza mbele ya wenzake kama amekuja kazini amelewa. Akaona afadhali akubali. Ulevi mtu anaweza kuuacha, alifikiri, lakini macho atayapeleka wapi? Aliondoka siku hiyohiyo na sifa ya ulevi, yeye ambaye hata pombe haijui ladha yake.

Ndipo ndugu hawa wawili wakafungua studio. Kwanza walipiga picha za watu, za vitambulisho na za familia. Simu zilipoingia mikononi mwa kila mtu, wateja hao wakapukutika. Waliobaki walikuwa wauza maua. Wao walihitaji picha za kuonyesha wateja, na waligundua kwamba simu inaweza kulipiga ua picha lakini haijui kulipamba. Fundi Kijivu alijua. Maua aliyapenda tangu mdogo, kwa umbo lake, kwa jinsi kila moja linavyokaa juu ya kikonyo chake.

Masharti ya kazi yalikuwa mawili. Dada anakaa nyuma yake, na mtu yeyote asijue. "Nani atamletea picha ya maua fundi asiyeona rangi?" anauliza dada, na kusema kweli ni swali la haki. Wateja wakiwepo, alimpa majibu kwa kisigino. Gonga moja kwenye mguu wa stuli, kijani. Gonga mbili, nyekundu. Mateke ya mfululizo, acha kabisa, unaharibu. Wateja walidhani mama wa watu ana haraka ya kwenda nyumbani.

Miaka ikapita hivyo. Mguu mmoja wa stuli umebonyea mahali pa kisigino.

Halafu akaja Mama Kitalu.

Ni mjane mwenye kitalu cha miche nyuma ya stendi ya mizigo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya barabara. Tangu kitinda mimba wake akiwa darasa la kwanza, alikuwa akichukua chavua ya waridi moja kwa brashi ndogo na kuipaka kwenye jingine, akipanda mbegu, akisubiri, akitupa, akianza upya. Watoto wake walimwambia anachezea udongo. Kitinda mimba alipoingia chuoni, mche mmoja ukachanua alichokuwa anakitafuta.

Siku tatu kabla ya maonyesho ya wakulima wa maua, aliingia studio na ua hilo ndani ya ndoo. Dada hakuwepo. Alikuwa amekwenda kumhudumia binti yake aliyejifungua, na Fundi Kijivu alikuwa ameapa kwamba hatapokea kazi ya rangi hadi arudi.

"Nataka picha kubwa, ya kuweka mbele ya banda langu," alisema Mama Kitalu. "Iwe na rangi au iwe nyeusi na nyeupe, sikufundishi kazi. Wewe ndiye fundi. Lione mwenyewe lilivyo." Akaweka ndoo mezani, akaondoka.

Fundi aliliona. Aliona waridi jeupe, zuri kupita kiasi, petali zimepangana kama kurasa. Akalipiga picha kwa mwanga wa dirisha. Akalivua rangi, na ua likabaki ua. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Ua jeupe halihitaji macho ya dada. Alilichapa kubwa, akalibandika kwenye ubao, akalisimamisha ukutani na kurudi nyuma hatua chache kulitazama.

"Nilijiona nimefika," anakiri. "Nilisema, kumbe naweza peke yangu."

Mama Kitalu alirudi kuchukua picha mkesha wa maonyesho, mchana. Aliitazama kwa muda mrefu. Akaisogelea, akarudi nyuma, akainamisha kichwa.

"Nzuri sana," alisema. "Ni ua la nani hili?"

Fundi akacheka, akidhani mama anatania. Mama hakucheka.

"La kwako, mama."

"La kwangu? Na ukingo wangu wa pinki uko wapi?"

Kumbe waridi lile lilikuwa na ukingo. Kila petali ilizungukwa na uzi mwembamba wa pinki laini, na uzi ule ndio uliokula miaka yote ya mama yule. Maua meupe yamejaa dunia nzima. Yeye hakuutaja ukingo siku ile, kwa sababu nani asiyeuona? Na fundi hakuuliza, kwa sababu nani anauliza rangi ya ua jeupe?

 Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Aseme printa imeharibika. Aseme wino wa pinki umekwisha. Stuli ilikuwa tupu nyuma yake, hakuna kisigino cha kumwokoa. Mama wa watu alikuwa amesimama pale, maonyesho kesho, na usoni alionekana kama mtu aliyeibiwa.

"Mama," alisema, "mimi sioni rangi hiyo. Sijawahi kuiona. Nisamehe."

 Mama Kitalu akauliza, kwa sauti ya chini ambayo fundi hakujua kwamba anayo, "Sasa wewe ukiliangalia unaona nini?"

"Naona ua jeupe. Zuri sana."

Mama akavuta stuli ya dada, akakaa. Akachomoa ua kwenye ndoo, akalisogeza karibu na pua ya fundi, na kwa kidole chenye udongo ndani ya kucha akaanza kufuata petali moja. "Inaanzia hapa. Inazunguka hivi. Hapa inanenepa kidogo, hapa inakatika kama meno ya msumeno, halafu inaendelea. Twende nyingine."

Fundi akafungua tena picha ya rangi. Programu anayotumia inampa, kwa kila rangi, mstari mdogo wenye kidoti. Picha ikishakuwa nyeusi na nyeupe, ukivuta kidoti cha nyekundu upande mmoja, kila kilichokuwa na wekundu ndani yake kinageuka cheusi zaidi, hata wekundu uwe mdogo namna gani. Alikijua kidoti hicho miaka yote. Alikuwa akikitumia kuyatenganisha maua na majani ili yasiwe uji. Kwenye ua jeupe hakuwahi kufikiria kukigusa.

Akakivuta. Polepole, kwenye skrini, kuzunguka petali ya nje kukatokea uzi wa kijivu. Akavuta zaidi. Uzi ukakolea, ukaingia petali ya pili, ya tatu, hadi ndani kabisa ambako petali zimefumbatana. Ulianzia pale ambapo kidole cha mama kilianzia. Ulikatika kama meno ya msumeno palepale alipoambiwa.

Fundi aliondoa mkono kwenye kipanya. "Kumbe ndivyo lilivyo," alisema.

Kuhusu kilichofuata kuna mvutano. Fundi Kijivu anasisitiza kwamba hakulia, alikuwa na vumbi. Mama Kitalu anasema alilia kama bibi harusi.

Walichapa picha mbili jioni ile. Kwa ajili ya banda, Mama Kitalu alichukua yenye rangi, na akakaa juu ya stuli hadi pinki ilipokaa sawa, akitoa amri kali kuliko hata za dada. Alikuwa na sababu yake. "Mtu akinunua mche kwa kuona picha nyeupe, halafu uchanue pinki, atarudi kuniambia nimemuuzia ugonjwa," alisema. Ile ya pili, nyeusi na nyeupe yenye uzi wa kijivu, aliibeba mwenyewe kwapani. Leo iko ndani ya kibanda chake cha kuchanganyia udongo, imerukiwa na matone ya matope, na hataki mtu aifute.

"Ile ya rangi ni ya wanunuzi," anasema. "Hii niliiomba kwa sababu siku ile nilimwona mtu akiliona ua langu kwa mara ya kwanza. Wanangu waliliona, wakasema hongera mama, wakaendelea na simu zao."

Miche yake iliuzwa ikaisha. Lakini siri nayo iliisha, maana Mama Kitalu na siri ni vitu viwili tofauti. Alisimulia banda kwa banda, kwa nia njema kabisa, na hadi maonyesho yanafungwa kila muuza maua alikuwa anajua. Mpambaji mmoja wa kumbi za harusi, mteja wa miaka mingi, alikuja kuchukua picha zake zote na hajarudi. Wengine walikuja kuchungulia tu, wakamwonyesha shati na kumuuliza ni rangi gani.

"Hilo la shati lilinichosha," anasema fundi. "Mtu mzima kabisa, ananinyooshea kola."

Dada aliporudi na kukuta habari imeenea, alikasirika kuliko wote. "Nimekaa miaka yote nikificha, kisigino kimeota sugu, mdogo wangu kamwaga mtama kwa siku moja," anasema. Halafu anaweka kikombe chini, na sauti inabadilika. "Kusema ukweli niliumia. Nilijiona kama nimeachishwa kazi. Nilifikiri bila mimi hawezi, na nilipenda hivyo."

Fundi Kijivu anageuka kwenye kiti chake. Inaonekana hili hakuwahi kulisikia. "Dada, bila wewe ningekuwa bado naminya nyanya," anasema. Dada anamwambia asimletee mambo ya machozi asubuhi, chai itaingia chumvi.

Kwa hiyo swali limebaki lilelile alilolikwepa mapema: aache rangi au aendelee nazo. Nyeusi na nyeupe ni salama. Huko ni bwana kabisa. Wapo wapiga picha wenye macho kamili wanaokuja kumuuliza amewezaje. Akichagua njia hiyo, hatakosea tena mbele ya mtu, hataonyeshwa kola ya shati, hatamhitaji yeyote. Akiendelea na rangi, kila picha itamlazimu kuuliza, na wa kuulizwa hatakuwa ndugu yake wa damu anayemgongea kwa kisigino. Atakuwa mgeni, mtu anayelipa, mtu anayeweza kuondoka.

Saa nne kasoro, teksi inasimama nje. Shemeji anashuka, anasalimia, anaanza kubeba mabegi huku akilalamika kwamba ndani wameweka mawe. Dada anaosha kikombe chake na kukigeuza juu ya kitambaa. Anapita mkono juu ya stuli, anapangusa vumbi ambalo halipo.

"Nyeusi na nyeupe," anamwambia mdogo wake mlangoni. "Umenisikia?"

"Nimekusikia, dada."

"Kusikia unasikia. Sijui kama unafanya."

Wanakumbatiana. Teksi inaondoka. Fundi Kijivu anasimama nje muda, mikono mfukoni, kisha anarudi ndani na kukaa bila kugusa kipanya.

Haipiti hata robo saa, anaingia mwanamke kijana mwenye simu mkononi. Ni mkutubi wa shule ya jirani, anajitambulisha. Ua lililo kwenye simu alilipanda baba yake kando ya ukuta wa nyumba, na nyumba inauzwa wiki ijayo. Ni bogenvilia iliyochanganya rangi, tawi hili na lile, nyekundu, pinki, chungwa, juu ya majani ya kijani kibichi. Kwa macho ya Fundi Kijivu, huo ni uji wa sufuria nzima.

"Nataka nimpe baba aitundike atakapohamia," anasema. "Sijui iwe ya rangi au nyeusi na nyeupe. Wewe unaonaje?"

Fundi anaihamishia kwenye kompyuta. Anaivua rangi, kama kawaida yake. Anaitazama. Anavuta kidoti hiki, anavuta kile, na bogenvilia inaanza kutoka ndani ya majani, inapendeza, yungiyungi halifui dafu. Angeweza kumuuzia hiyo, na mteja angeondoka ameridhika. Dada angefurahi.

"Baba yako akiutaja huu mti," anauliza, "anasemaje?"

Mkutubi anacheka. "Anasema una rangi nyingi hadi nyuki wanagombana."

Fundi Kijivu anabonyeza, rangi zote zinarudi. Ananyanyuka, anaivuta ile stuli yenye mguu uliobonyea, anaisogeza karibu na kiti chake na kuipangusa kwa kiganja.

"Karibu ukae hapa, dada yangu," anasema. "Mimi nyekundu na kijani sizitofautishi, na pinki siioni. Utanionyesha zinaanzia wapi."

Mkutubi anamtazama, anaitazama stuli, anaitazama tena skrini. Kisha anatundika mkoba wake nyuma ya mlango, pale yalipokuwa mabegi, na anakaa.

"Tuanze na tawi la juu," anasema. "Hili lote ni nyekundu."